Ethi ya nyota: dawa ya mvumo kwenye amplifaya ya kujitengenezea

Umemaliza kulehemu, umechomeka plagi, na kabla hujaweka wimbo wowote spika zinasema "mmmm". Huo ndio mvumo. Wengi hukimbilia kubadilisha chipu au kuongeza kapasita kubwa zaidi, kumbe mara nyingi kosa lipo pale nyaya za ethi (upande wa volti sifuri wa saketi) zilipokutanishwa.

Sikio litakupa dalili ya kwanza. Umeme wetu wa nyumbani ni wa hezi 50. Ukipita kwenye daraja la daiodi nne, linalougeuza uwe wa DC, kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo mzito na laini, wa hezi 50, kwa kawaida hutoka kwenye sumaku ya transfoma au kwenye kitanzi cha ethi, yaani ethi iliyoungwa kwa njia zaidi ya moja hadi ikafanya duara. Ule unaokwaruza, wa hezi 100, hutoka kwenye pawa saplai.

Sasa kiini chenyewe. Kwenye mchoro, alama ya ethi ni ileile kila mahali, ukadhani ni nukta moja. Ndani ya boksi ni nyaya, na kila waya una ukinzani. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, urefu sentimita 10, una takriban miliomu 1.7. Ni kidogo sana, ila kapasita hunyonya umeme kwa mapigo mafupi, na pigo moja linaweza kufika ampea 5. Zidisha: unapata milivolti 8.5 kati ya ncha mbili za waya uleule. Ukiunga ethi ya ingizo upande mmoja na ethi ya bodi upande wa pili, amplifaya itazipokea milivolti hizo kama muziki, itazikuza mara 20, na spika itapata milivolti 170 za mvumo mtupu.

Ethi ya nyota ni kuzuia hilo: ethi ya ingizo, ya bodi na ya spika kila moja huja na waya wake hadi nukta moja. Hapa ndipo nilipoteza wiki nzima na amplifaya yangu ya chipu ya TDA2030. Nyota nilikuwa nayo, lakini niliilehemu juu ya waya unaounganisha kapasita mbili kubwa, palepale mapigo yanapopita. Nilipoihamisha kwa kipande kifupi cha waya pembeni, spika zilinyamaza.

Kabla ya kubomoa chochote, zima, unganisha pini ya ingizo na ethi yake, kisha washa. Mvumo ukitoweka, ulikuwa unaingia kwa kebo au kifaa ulichounganisha. Ukibaki, punguza sauti: usipobadilika, tafuta baada ya kitufe cha sauti.

Kuna wanaokata waya wa ethi wa plagi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo kamwe. Transfoma ikivuja, boksi la chuma litakuwa na umeme kamili. Boksi libaki limeungwa moja kwa moja na ethi ya ukutani.

Nyaya za transfoma zisokote pamoja, na ya ingizo iwe yenye skrini (wavu wa chuma unaoizunguka), mbali nazo. Boliti ya transfoma ya duara ikaze mwisho: zima, izungushe kidogo, washa, sikiliza, rudia, mpaka upate upande ambao mvumo ni mdogo kuliko kwingine kote.