Je, wajua kwa nini spika ya simu mpya hukwaruza?

Mtu ametoa simu kwenye boksi, ameweka laini, amecheza wimbo anaoujua miaka mingi, na badala ya sauti safi anasikia mkwaruzo, kana kwamba nzi amenaswa ndani ya karatasi. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ameuziwa simu mbovu. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kati ya faili la wimbo na sikio lake sauti imepita vituo kadhaa, na kila kituo kinaweza kuiharibu kwa namna yake. Spika ni kituo cha mwisho, ndiyo maana hubebeshwa lawama za vituo vyote vilivyotangulia. Kinachotusaidia ni kwamba uharibifu wa kila kituo una alama yake, na mtu asiye fundi anaweza kuitambua ikiwa atabadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kusikiliza kwa makini.

Tuanze na spika yenyewe. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo ya spika ya koili, na kanuni waliyoieleza ndiyo inayotumika hadi leo ndani ya simu. Koili ya waya mwembamba sana imegandishwa kwenye kiwambo chepesi na kuwekwa karibu na sumaku. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, koili husukumwa na kuvutwa, kiwambo huenda pamoja nayo, na hewa iliyo mbele yake hutikisika. Katika simu, mtambo huu wote unalingana na ukucha wa kidole gumba, na kiwambo chake kina nafasi ya kusafiri isiyofika hata milimita moja.

Nafasi hiyo finyu ndiyo kiini cha mambo mengi yanayosikika kama ubovu. Ukitaka spika itoe noti ya chini zaidi kwa okteva moja, yaani masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa Hezi) yapungue kwa nusu, huku nguvu ya sauti ikibaki ileile, kiwambo kinapaswa kusafiri umbali mara 4 ya ule wa mwanzo. Kutoka Hezi 800 hadi Hezi 100 kuna okteva 3, kwa hiyo umbali unaohitajika unakuwa mara 64. Hakuna kiwambo cha simu kinachoweza kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo watengenezaji hupunguza besi kwa makusudi, na simu nyingi za siku hizi zina amplifaya, yaani kikuza sauti, inayopima umeme unaoingia kwenye koili, ikakadiria joto lake na umbali ambao kiwambo kimesafiri, kisha ikajizuia kabla kiwambo hakijagonga ukomo. Ukiongeza sauti hadi mwisho ukasikia wimbo unapoteza unene wake na kuwa mkali masikioni, mara nyingi unachosikia ni ulinzi huo ukifanya kazi. Kwa maoni yangu, simu inayokwaruza kwenye kiwango cha juu kabisa peke yake, kisha ikatulia inaposhushwa hatua mbili au tatu, haina sababu ya kurudishwa dukani. Ile inayokwaruza hata sauti ikiwa nusu ndiyo inayostahili uchunguzi.

Uchunguzi huo uanzie kwenye faili, si kwenye spika. Sauti ya kidijitali huhifadhiwa kama mfululizo wa namba, na katika rekodi ya biti 16, ile iliyozoeleka tangu enzi za CD, kila namba huchukua mojawapo ya ngazi 65,536. Wimbi likipanda kupita ngazi ya juu kabisa haliwezi kuandikwa, kwa hiyo hukatwa kichwa: kilele kilichokuwa cha mviringo kinakuwa bapa, na kona za sehemu hiyo bapa huzaa noti mpya ambazo hazikuwamo katika muziki. Noti hizo za ziada ndizo sikio linaziita mkwaruzo. Vilele huweza kukatwa studio wakati wimbo unapandishwa ili usikike kwa kishindo, au wakati msemaji anarekodi ujumbe wa sauti akiwa ameisogeza maikrofoni mdomoni. Vinaweza pia kukatwa na simu yenyewe, na hapa ndipo simu mpya hutofautiana na ya zamani, kwa kuwa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na viongeza sauti vilivyokwisha kuwashwa. Kupandisha besi kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ni kuongeza urefu wa wimbi takriban mara mbili. Wimbo ambao tayari umefika kwenye dari hauna pa kwenda.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya sauti, zima ekwalaiza (kipandishi na kishushi cha besi na noti nyingine) na kila kinachoahidi sauti ya sinema au besi ya ziada, kisha fungua programu ya muziki uzime ya kwake pia. Watu wengi huzima moja na kuisahau ya pili, na ekwalaiza mbili zikipandishwa kwa pamoja huharibu hata rekodi iliyotengenezwa kwa uangalifu.

Kama mkwaruzo bado upo, cheza faili lilelile kwa kutumia hedifoni. Jaribio hili ni fupi, lakini linasema mengi kuliko yote mengine. Mkwaruzo ukikufuata hadi kwenye hedifoni, kwa sehemu ileile ya wimbo, spika haihusiki. Tafuta tatizo kwenye faili, kwenye programu inayolicheza au kwenye mipangilio. Ukitoweka, basi unatokea kwenye spika, kwenye amplifaya inayoiendesha au kwenye kitu kilichoigusa spika. Mwenye hedifoni za bluetooth achunge jambo moja: programu nyingine ikiwa inatumia maikrofoni ya hedifoni hizo, muunganisho huhamia kwenye hali ya mazungumzo, na muziki husikika mwembamba kama uko ndani ya kopo. Hilo si jibu la jaribio letu. Funga programu hiyo na urudie.

Simu za mazungumzo zihukumiwe peke yake. Mazungumzo ya mtindo wa zamani hubeba masafa ya Hezi 300 hadi 3,400 tu, na yale ya mtindo mpya hubeba takriban Hezi 50 hadi 7,000, ilhali sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia Hezi 20 hadi 20,000. Ikiwa sauti ya mwenzako inakatika na kukwaruza, lakini muziki unaotoka kwenye tundu hilohilo ni safi, sababu iko kwenye mtandao au kwenye maikrofoni ya upande wa pili.

Tuseme sasa umehakikisha kwamba ni spika. Kabla ya kuihukumu, chukua tochi uimulike simu kwa ubavu, mwanga ukipita sambamba na kioo. Kwenye ukingo wa juu, juu ya tundu la kusikilizia, unaweza kuona mstari mwembamba unaong'aa: ni nailoni ya kiwandani iliyoachwa bila kubanduliwa, au kioo cha kinga kilichobandikwa milimita moja juu zaidi ya ilivyopasa. Kipande kama hicho kikigusa wavu wa spika hutetemeka pamoja na hewa inayotoka, na mlio wake hauna tofauti na wa kiwambo kilichochanika. Vua kava pia, kwa sababu vitufe vyake vikilegea hugongana na vya simu. Kisha ishike simu mkononi badala ya kuilaza mezani. Mgongo wa simu hutikisika spika inapofanya kazi, na mkwaruzo unaokoma mara tu unapoinyanyua ulikuwa wa meza au wa kitu kilichokuwa juu yake. Usishtushwe na mlio mdogo ndani ya simu unapoitikisa ukiwa hujawasha kamera. Katika simu zenye kamera inayotuliza picha, lenzi huelea na hugonga kidogo ikiwa imezimwa.

Simu nyingi zina spika mbili, moja chini na nyingine ambayo ni ileile ya kusikilizia mazungumzo, na hizi hazilingani kwa ukubwa. Ile ndogo ya juu hufikia ukomo wake mapema. Ili kujua ni ipi inayokwaruza, ingia kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), tafuta uwiano wa kushoto na kulia, usogeze wote upande mmoja, halafu upande wa pili. Baada ya hapo cheza sauti ya jaribio inayopanda polepole kutoka masafa ya chini kwenda ya juu. Spika nzima hupanda nayo kwa ulaini. Iliyo na hitilafu hupita vizuri, kisha inafika mahali fulani ikavuma kama nyuki, halafu inatulia tena. Na ukirudia, huvuma palepale. Huenda ni chembe ya chuma iliyonaswa na sumaku, gundi iliyoachia, au koili inayokwaruza ukuta wake. Hayo hayatibiwi kwa mipangilio.

Maji ni suala jingine. Tone lililokaa kwenye wavu huifanya sauti iwe nzito na ya mbali zaidi kuliko kukwaruza, na kwa kawaida hutoka simu ikisimamishwa spika ikiangalia chini kwa saa kadhaa. Usitumie sindano, hewa ya kubanwa wala kikaushio cha nywele, kwa sababu katika simu zinazostahimili maji, nyuma ya wavu kuna utando mwembamba unaozuia maji, nao ukitoboka kinga hiyo imekwisha. Brashi laini iliyo kavu inatosha kwa vumbi.

Kuna pia mlio unaochanganywa na mkwaruzo, nao ni wa kukatika-katika, tiki, tiki, bila kujali noti inayochezwa. Huo ni wa programu: simu imeshindwa kupeleka sauti kwa wakati. Siku ya kwanza, simu mpya huwa inashusha programu, picha na masasisho kwa wakati mmoja, hivyo iache imalize, izime na kuiwasha, uweke sasisho la mfumo, kisha usikilize tena. Kwenye Android unaweza pia kuiwasha katika hali salama, ambayo huzuia programu ulizozipakua. Mlio ukikoma humo, mojawapo ya programu hizo ndiyo chanzo.

Wapo watakaokushauri usubiri wiki kadhaa ili spika ifunguke. Nakusihi usifuate ushauri huo. Kiwambo kinaweza kulainika kidogo kwa matumizi, lakini chembe ya chuma haiondoki kwa kusubiri na gundi iliyoachia hairudi, ilhali siku za kurudisha bidhaa zinapita. Andika ni spika ipi, ni kiwango gani cha sauti na ni masafa gani yanayokwaruza, kisha hifadhi faili la jaribio ndani ya simu ili muuzaji alisikie mbele yako. Omba kubadilishiwa simu kabla ya kukubali matengenezo, kwa maana mgongo wa simu nyingi umefungwa kwa gundi, na ukishabanduliwa kinga dhidi ya maji haina hakika ya kurudi ilivyokuwa. Nawe usiifungue mwenyewe. Nakili picha na namba zako, ondoa akaunti zako, toa laini, na uipeleke na boksi lake.