Pikipiki ya mtoto na ile skrubu ya mwendo: yanayosemwa na yalivyo

"Ukikaza skrubu, haizidi mwendo uliopanga." Kwa wazazi wanaotaka kupunguza kasi ya pikipiki ya mtoto, hili husemwa zaidi kuliko yote, na ndilo linalonitia wasiwasi. Chukua Yamaha PW50, kipikipiki cha cc 49 kilichowafundisha watoto kuendesha tangu miaka ya 1980. Kwenye usukani upande wa kulia, pale waya wa mafuta unapoingia, kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuifunga. Ukiizungusha iingie ndani, mkono wa mafuta unagota mapema: mtoto anavuta mpaka mwisho, kumbe kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imefunguka kidogo tu. Kazi ya skrubu inaishia hapo. Haijui kilomita ngapi kwa saa. Kwenye mchanga pikipiki itajikongoja, na kwenye mteremko uzito wenyewe utaisukuma bila kuomba ruhusa ya skrubu. Kwa hiyo ijaribu palepale atakapochezea, na pawe tambarare. Kipimo changu ni miguu: mtu mzima aweze kukimbia kando yake na kuishika.

Kosa la pili linatokana na kuwapo kwa skrubu nyingine. Iko kwenye kabureta, na inapanga mzunguko wa injini ikiwa imewaka bila kuvutwa mafuta. Pikipiki hizi hazina mkono wa klachi. Klachi, kinachounganisha injini na gurudumu, hushika yenyewe injini ikichangamka. Anayeikaza hii akidhani anapunguza mwendo huwa amefanya kinyume kabisa: injini inapiga resi, klachi inashika, na pikipiki inaondoka mtoto hajagusa kitu. Kabla hajapanda, iwashe, shika breki, kisha achia taratibu. Ikitaka kutambaa yenyewe, bado. Vuta mafuta na uachie pia. Mkono lazima urudi wenyewe, tap, hata usukani ukiwa umekatwa upande mmoja hadi mwisho.

"Mwekee jeti ndogo, au ziba hewa kidogo." Jeti ni kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Fundi anayependekeza hivi anamfikiria mtoto na kuisahau injini. Jeti ndogo huleta hewa nyingi na petroli kidogo, joto linapanda, na pistoni inaweza kung'ang'ania ndani ya silinda. Kitambaa kwenye njia ya hewa nacho kinaleta petroli nyingi: plagi inakuwa nyeusi, moshi, kuwasha kwa shida, na siku moja kitambaa chenyewe kinavutwa ndani. PW50 ina kibamba chenye tundu dogo kwenye njia ya moshi, kilichowekwa na kiwanda ili kupunguza nguvu. Kama kipo, kiache. Wengi hukitoa siku ya kwanza, wakidhani ni kasoro!

Spoketi kubwa ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo? Kwa PW50 haiwezekani, maana haina mnyororo. Gurudumu linazungushwa na shafti, fimbo ya chuma inayozunguka. Kwa Honda CRF50F, pikipiki nyingine ya watoto yenye mnyororo, inawezekana, na kasi ya juu itapungua kweli, ila pikipiki itaondoka kwa mshtuko zaidi. Mtoto mgeni akirushwa nyuma, mikono inang'ang'ania na kuvuta mafuta zaidi. Honda hiyo ina gia tatu. Kumwacha kwenye gia ya kwanza ni rahisi kuliko kununua spoketi.

Wapo pia wanaosema mwendo mdogo hauhitaji helmeti. Kilomita 15 kwa saa ni mita nne kila sekunde, na ukuta hauhami. Ukiruhusu 30, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne.

Nimesikia wazazi wakilegeza skrubu ya usukani kila siku ya kuzaliwa, kana kwamba ni keki. Umri hausemi lolote kuhusu breki. Kwenye PW50 breki zote mbili ni za mkono, kama za baiskeli. Kwenye CRF50F ya nyuma ni ya mguu, na aliyezoea PW50 hubabaika. Akisimama mara kumi mfululizo kwenye mstari uliomchorea, legeza nusu mzunguko, kaza nati, anza kuhesabu upya.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye nati. Mtikisiko hulegeza, na mtoto wa miaka saba anajua bisibisi inakaa wapi. Mstari ukikatika utajua.