Mhuri wa wakili na ardhioevu: wajibu wa ofisi za mawakili kwa jamii na mazingira

Ofisi za mawakili hapa Kampala zimezoea, mara moja au mbili kwa mwaka, kuwatoa watu wao kwenda kupanda miti au kugawa madaftari shuleni, na picha za siku hiyo hutundikwa kwenye chumba cha mapokezi. Shughuli hizo zina faida yake na hatuzidharau. Lakini sisi tunaotoa elimu ya sheria kwa umma tunaona mwananchi anastahili kujua kwamba wajibu mzito zaidi wa wakili kwa jamii na kwa mazingira hutimizwa, au huvunjwa, pale mezani pake anapoandika mkataba, anaposhuhudia sahihi na anapopiga mhuri.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa ndiyo inayowaleta watu wengi kwa mawakili. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila raia wa Uganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 237 inaiweka mito, maziwa, ardhioevu na misitu ya hifadhi chini ya amana ya Serikali kwa manufaa ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza Serikali na mamlaka za wilaya kukodisha au kumilikisha mtu mali hizo za asili, ingawa zinaweza kutoa vibali vya matumizi. Nayo Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi: inatambua kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo na kuendelea kujihuisha, na kwamba mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo. Wakili hawezi kudai kwamba hayajui haya.

Hata hivyo viwanja vya kinamasi vinaendelea kuuzwa, tena kwa mikataba iliyoandikwa vizuri. Niliwahi kuombwa na mama mmoja muuza dagaa nifuatane naye kuona kiwanja alichokuwa amekilipia nusu ya bei. Karatasi zake hazikuwa na kasoro ya kuonekana: nakala ya hati, mkataba wa kurasa tatu, mhuri wa wakili. Tulipofika tulisimama juu ya kifusi cha udongo mwekundu uliomwagwa na lori, na hatua kumi mbele yetu mafunjo yalikuwa bado yamesimama. Nilipokandamiza kisigino, maji yalipanda yakajaza alama ya kiatu. Wakili aliyeandika mkataba ule hakuwa amefika pale hata siku moja. Alitafuta jina la muuzaji katika masjala ya ardhi, akalikuta, akaona kazi yake imekwisha.

Mimi naona kazi ilikuwa haijaanza. Safari moja ya bodaboda, au swali moja kwa afisa mazingira wa wilaya, lingetosha kumwokoa mteja. Mwaka 2024, Mamlaka ya Taifa ya Mazingira ilipobomoa nyumba zilizojengwa katika ardhioevu ya Lubigi, waliolala nje walikuwa wanunuzi, na baadhi yao walikuwa wametoa akiba ya maisha yao yote. Hasara haiishii kwao pia. Kinamasi cha Nakivubo ndicho kinachochuja majitaka ya Kampala kabla hayajaingia katika Ziwa Victoria, karibu na Ggaba ambako mji huu huvuta sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Mafunjo yakifukiwa, uchafu huo unarudi hadi kwenye chai ya ofisi ya wakili mwenyewe.

Jambo la pili ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini mikataba karibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Kuna sheria ya zamani, na nzuri, inayowalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu wa namna hiyo waraka hana budi kumsomea na kumweleza yaliyomo kabla hajatia sahihi au dole gumba, kisha aandike jina lake na anwani yake kwenye waraka huo huo. Kwa hiyo mteja kutoka Arua au Busia anayeomba asomewe kila ukurasa kwa lugha anayoielewa hajavuka mpaka wowote wa adabu.

Tatu ni saa za bure. Kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawakili zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kila mwaka kuwahudumia wasio na uwezo, au alipe fedha zenye thamani ya saa hizo. Saa 40 ni wiki moja ya kazi. Kulipa kunaruhusiwa, lakini fedha hazisimami mbele ya hakimu kumtetea mjane anayefukuzwa kwenye kibanja chake, na ndiyo sababu tunazisihi ofisi kubwa zitoe mawakili wazoefu, badala ya kuwaachia kazi hiyo vijana walioanza juzi. Chama cha Mawakili cha Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria tangu mwaka 1992, na mwananchi anaweza kuanzia huko.

Mawakili wakijitoa, matokeo huonekana. Katika shauri la mwaka 2004, shirika la kiraia liliishtaki Serikali kwa kutoa kibali cha kulima miwa katika msitu wa hifadhi wa Butamira, Jinja. Mahakama Kuu ilikubali kwamba amana ya umma ilikuwa imevunjwa. Mlango wa kesi kama hiyo ni Ibara ya 50 ya Katiba, inayomruhusu mtu au shirika lolote kudai haki kwa niaba ya wengine, hata kama si yeye aliyeumizwa.

Wakili aliyekuingiza hasarani kwa uzembe anaweza kushtakiwa mbele ya Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria. Peleka mkataba, risiti na maelezo yako kwa maandishi. Mama yule wa dagaa alisimamisha malipo yaliyobaki, na wakili mwingine akamdaia fedha zake katika saa zake za bure. Alipopata kiwanja kingine alimtaka wakili waende pamoja kukiona, tena alichagua waende siku ya pili baada ya mvua kubwa.