Msumari na ubao: nini hasa huua seli ya haidrojeni

Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, wanajua kwamba chombo hufa kwa njia mbili. Msumari huliwa na kutu ubao ukiwa mzima, au ubao huoza na msumari ukachomoka ungali mzima. Seli ya haidrojeni hutoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewa, na elektrodi yake hufa vivyo hivyo. Msumari ni platinamu inayochochea mmenyuko, chembe za nanomita 2 hadi 5. Ubao ni masizi ya kaboni yanayozibeba. Neli za kaboni, mirija midogo mno, zile alizozieleza Sumio Iijima mwaka 1991, ni ubao mgumu zaidi. Msumari ni uleule, na hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza.

Tuanze na ubao. Ndani ya asidi na maji, kaboni inaweza kugeuka kaboni dioksaidi kuanzia volti 0.207 tu. Kinachotuokoa ni uvivu wa mmenyuko huo. Uvivu huo huisha wakati wa kuwasha. Seli ikilala usiku, hewa hupenya hadi upande wa anodi, ule unaopokea haidrojeni. Asubuhi ukifungua haidrojeni, sehemu ya anodi ina gesi na sehemu bado ina hewa. Kathodi (elektrodi ya upande wa hewa) iliyo mkabala na sehemu hiyo yenye hewa hupandishwa hadi karibu volti 1.5. Ni muda mfupi sana, lakini kwa volti hiyo masizi huliwa, tabaka huporomoka, vinyweleo hujaa maji, na chembe za platinamu hubaki hazina njia ya umeme. Neli zina kuta za grafiti iliyopangika, kingo za kuliwa ni chache, ndiyo maana hudumu kuliko masizi kwenye jaribio la Idara ya Nishati ya Marekani: kupanda na kushuka kati ya volti 1.0 na 1.5, mara 5,000.

Mpangilio huohuo wa kuta nyororo una gharama yake: platinamu haina pa kushika. Dawa ya kawaida ni kuzichemsha neli ndani ya asidi ya nitriki ili zipate vikundi vya oksijeni. Ukizidisha, kuta hupasuka, na kila mpasuko ni mlango wa kuliwa. Umelipia grafiti kisha ukaivuruga iwe kama masizi. Mimi hupendelea neli zilizotiwa nitrojeni kwenye kuta, ili nitrojeni iwe pa kushika.

Kwa kichocheo (neli pamoja na platinamu yake) chenye platinamu asilimia 20, chukua neli miligramu 80 na asidi ya kloroplatini yenye maji sita miligramu 53, ambayo ndani yake mna platinamu miligramu 20. Tia vyote katika mililita 50 za ethilini glaikoli, tawanya kwa mawimbi ya sauti mpaka usione madonge, pandisha pH (kipimo cha uasidi) hadi 12 kwa sodiamu haidroksaidi, kisha pasha nyuzi 130 kwa saa 3. Ikipoa, shusha pH hadi karibu 3 ili chembe zilizokwama kwenye kimiminika zishike neli. Tumia asidi ya nitriki kushusha, kamwe si ya haidrokloriki. Osha kwa maji yasiyo na ioni mpaka tone la nitrati ya fedha lisitie ukungu kwenye maji ya suuzo.

Ukungu huo ni dalili ya kloridi, ileile iliyomo ndani ya chumvi ya bahari, na huku pwani kloridi ndiyo adui wa msumari. Platinamu tupu huanza kuyeyuka karibu na volti 1.19, ikipata kloridi ya kushikana nayo, kizingiti hushuka hadi takriban 0.76, yaani ndani kabisa ya eneo ambamo kathodi hufanya kazi kila siku. Kusi likivuma Shela, au upepo ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni kaskazini ya Malindi, hewa unayoivutia kathodi imebeba matone ya bahari. Sodiamu yake nayo huingia kwenye utando unaotenganisha elektrodi mbili na kupitisha protoni, ikakalia nafasi za protoni hizo, ukinzani ukapanda. Weka kichujio cha kunasa matone kabla ya kile cha vumbi. Na maji ya kisima yaliyochemshwa hayafai kulowesha gesi zinazoingia kwenye seli: kuchemsha huua vijidudu, chumvi huikoleza.

Hata bila chumvi, platinamu huisha kwa kupandishwa na kushushwa. Volti ikipanda hufunikwa na oksaidi. Ikishuka oksaidi huvunjika na baadhi ya atomi huondoka nayo. Nyingine huhamia chembe kubwa, nyingine huingia kwenye utando, zikakutana na haidrojeni inayovuja na kuganda humo kama mstari mweusi, zisizo na faida tena. Hapo neli hazisaidii kitu. Kwa mashua inayoendeshwa na seli hii, acha betri ibebe mabadiliko ya kasi, seli ibaki kwenye mzigo ulio sawa, na usiiache ikingoja bila mzigo, maana hapo ndipo volti huwa juu.

Kwenye kupima, jihadhari na asilimia ya eneo la uso wa platinamu lililopotea. Chembe ya nanomita 3 ina uso wa mita mraba kama 93 kwa gramu. Ya nanomita 6 ina 47. Kichocheo kilichoanza na chembe kubwa kitapoteza kidogo na kusifiwa kuwa kinadumu, ilhali tangu mwanzo kilikuwa dhaifu. Linganisha mkondo kwa miligramu moja ya platinamu baada ya mizunguko 30,000 kati ya volti 0.6 na 0.95. Eneo la uso kwenye neli nalipima kwa kubandika kaboni monoksaidi juu ya platinamu kisha kuiondoa kwa umeme, nikihesabu chaji ya maikrokulombu 420 kwa sentimita mraba. Njia ya haidrojeni, ile ya 210, husumbua kwa sababu neli zenyewe huhifadhi chaji nyingi na mstari wa kuitenga chaji hiyo hauonekani vizuri.