Je, Wajua Kwa Nini Moyo Huendelea Kwenda Mbio Hata Baada ya Kuanza Dawa za Tezi ya Shingo?

Saa tisa usiku. Umelala ubavu wa kushoto, sikio limebana mto, na unachosikia si mbu wala feni bali moyo wako mwenyewe: du, du, du, kama mtu anatwanga kisamvu chumba cha pili. Hii ni wiki ya tatu unameza vidonge. Daktari alisema thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, ukanunua dawa, na hujaruka hata siku moja. Mbona basi moyo hautulii?

Sababu ni kwamba thairoidi, ile tezi iliyokaa mbele ya shingo chini ya kikoromeo, ina tabia ya kuweka akiba. Hutengeneza homoni na kuihifadhi ndani ya vifuko vidogo, na akiba hiyo yaweza kutosha wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Kabimazoli, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huu, huzuia homoni mpya isitengenezwe. Iliyokwisha kuhifadhiwa haiigusi. Umefunga koki ya bomba linalopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa, lakini jikoni yataendelea kutoka mpaka tangi likauke. Na hata homoni ikishaingia kwenye damu haina haraka ya kuondoka: kwa mtu mzima wa afya, T4, homoni kuu ya tezi hii, huchukua siku 7 hivi kupungua nusu. Ndiyo maana nafuu ya kweli huja baada ya wiki kadhaa.

Moyo ndio unaopiga kelele zaidi kwa sababu homoni hiyo huzifanya seli zake ziongeze vipokezi vya adrenalini. Ni kama moyo umeongezewa masikio. Adrenalini ile ile ya kila siku, ya kupanda ngazi au ya kushtuliwa na simu usiku, sasa unaisikia kama king'ora. Mwaka 1835 daktari Robert Graves wa Dublin aliandika habari za wanawake watatu waliosumbuliwa na mapigo makali ya moyo kwa muda mrefu, na kila mmoja wao alikuwa na tezi iliyovimba. Leo aina ya ugonjwa huu inayowapata wengi zaidi inaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo mara nyingi utatoka kliniki na dawa ya pili, propranololi, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black miaka ya 1960. Hii kazi yake ni kuyaziba yale masikio. Huanza kusikika ndani ya saa moja au mbili, kisha nguvu yake hufifia baada ya saa chache. (Mwenye pumu amwambie daktari mapema, maana inaweza kumbana kifua.) Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapochanganyikiwa: dawa moja inahesabu saa, nyingine inahesabu wiki.

Ukijua hilo, usiku ule wa saa tisa unaanza kueleweka. Kama kidonge cha mwisho cha propranololi ulikimeza saa kumi na mbili jioni, saa tisa zimepita, masikio yamezibuka. Pengine kinachohitaji kubadilishwa ni muda wa kumeza tu, jambo la kumuuliza daktari, si la kujiamulia. Vivyo hivyo, ukipunguziwa kabimazoli leo na moyo ukadunda kesho asubuhi, tezi si mshukiwa wa kwanza. Yenyewe ikirudia makosa huchukua muda kujionyesha. Chunguza kwanza chai ya rangi uliyoikoleza, kahawa, miraa, kinywaji cha kuongeza nguvu, au dawa ya mafua ya kuzibua pua. Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la mtu aliyepata nafuu akaacha propranololi ghafla. Moyo uliokuwa umezibwa masikio hurudi na kishindo. Hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo.

Karatasi ya maabara nayo isikutie hofu bure. TSH, homoni itokayo kichwani kuiamuru tezi ifanye kazi, inaweza kubaki chini kabisa kwa miezi hata T4 ikiwa imesharudi kawaida, kwa hiyo mwanzoni daktari hupanga dozi kwa kutazama T4 na mwenzake T3, homoni za tezi yenyewe, kwa kawaida kila baada ya wiki 4 hadi 6. Dozi ikizidi, mambo hugeuka: baridi, uzito, uchovu, mapigo ya polepole.

Nyumbani, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu sekunde 60 ukiwa umepumzika. Kawaida ya mtu mzima ni 60 hadi 100. Andika namba, na pembeni yake saa uliyomeza dawa. Kuna ujanja wa zamani pia: mwombe mwenzako akuhesabu ukiwa usingizini. Moyo wa wasiwasi hulala mwenyewe anapolala. Wa thairoidi unaendelea na mbio zake.

Mapigo yakiwa hayana mpangilio, yakiruka na kujikwaa, nenda kupimwa moyo siku hiyo hiyo. Yakija na maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi, au homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Na ukiwa kwenye kabimazoli, koo likiuma pamoja na homa usilichukulie kama mafua: ni nadra, lakini dawa hii inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Isimamishe, na upimwe damu kabla hujameza kidonge kingine.