Mbio za hatua jangwani: joto la Dar halijakuandaa kama unavyodhani

Kila nikisema naandaa wakimbiaji kwa ajili ya Marathon des Sables, watu wa hapa Dar wananijibu kitu kilekile, "aah kocha, sisi jua tumezaliwa nalo, hiyo yetu kabisa". Wa kule juu, Arusha na Iten ya Kenya, wao wanajibu kwamba pumzi wanayo. Nawaheshimu wote ila jamani hapana, na naomba nieleze taratibu kwa sababu hapa ndo watu wanapoumia.

Kwa asiyezijua, hizi ni mbio za kusini mwa Moroko, Sahara yenyewe, kama kilomita 250 zinazogawanywa kwa siku kadhaa, na hatua moja kati ya hizo huwa inavuka kilomita 80. Mfaransa Patrick Bauer alizianzisha 1986, miaka miwili baada ya kutembea mwenyewe kwa miguu jangwani Algeria. Chakula chako cha wiki nzima unabeba mgongoni, na begi la kulalia, dira, filimbi, mpaka kioo cha kuashiria. Waandaaji wanakupa maji na hema la kulala, basi. Nyuma kabisa wanatembea ngamia, wakikupita umetoka. Walioshinda sana ni wenyeji, Lahcen Ahansal mara 10 na Rachid El Morabity naye akafikisha 10 mwaka 2024, wote watu wa upande wa Zagora, na ukiwaona wanavyotembea kwenye mchanga utaelewa.

Sasa joto. Dar joto lake lina unyevu, ukikimbia Coco Beach jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, na jasho linalodondoka chini halijakupoza chochote. Kinachopoza ni jasho linalokauka juu ya ngozi, lita moja ikikauka yote inaondoka na joto la kama kilokalori 580, hiyo ni nyingi mno. Jangwani hewa ni kavu kwa hiyo jasho linakauka hapohapo na unapoa vizuri, ila hulioni! Unajishika mkono mkavu, unajishika shingo kavu, unasema mbona leo sijatoka jasho, kumbe umeshapoteza lita na lita. Dalili yake iko kwenye fulana, mistari myeupe ya chumvi kuzunguka pale mikanda ya begi inapokaa, ukiigusa inakwaruza kama msasa. Mimi wakimbiaji wangu nawafundisha kuangalia fulana na rangi ya mkojo, ngozi waachane nayo.

Alafu hili la kuzaliwa na jua. Vikundi vyetu vya joging vinaanza saa kumi na moja alfajiri, saa moja watu wako nyumbani wanakunywa chai, baada ya hapo gari lenye AC na ofisi yenye AC. Huo mwili unaishi kwenye joto lakini haujawahi kufanya KAZI kwenye joto, ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwili unazoea ukilazimishwa kupanda joto la ndani, saa moja mpaka saa na nusu ya kukimbia polepole mchana, siku 10 hadi 14 mfululizo au karibu na hapo. Siku za mwanzo maji ya damu yanaongezeka na mapigo ya moyo yanashuka kwa pesi (kasi) ileile, baadaye unaanza kutoka jasho mapema zaidi na jasho lenyewe linakuwa na chumvi kidogo. Ukiacha, ndani ya wiki chache unarudi ulikotoka, kwa hiyo usifanye miezi mitatu kabla ukatulia. Wa Iten wanaishi mita 2,400 na baridi yao, hao nawaambia wavae jaketi mazoezini, au wakimaliza kukimbia waingie kwenye maji ya moto dakika 30 hivi, mtu mwingine awepo karibu, inafanya kazi vizuri tu.

Jipime pia. Kabla ya kukimbia panda mzani bila nguo, kimbia saa moja, jifute, panda tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja, jumlisha na ulichokunywa. Wengine wanapoteza nusu lita kwa saa, wengine wanakaribia mbili, na chumvi nayo inatofautiana vilevile, ndo maana ratiba ya maji ya rafiki yako haikufai. Na kunywa maji matupu kupita kiasi ni hatari kweli, chumvi ya damu inashuka, mtu anavimba vidole, anatapika, anachanganyikiwa, wenzake wanadhani kaishiwa maji wanamwongezea mengine.

Pesi ya siku ya kwanza ndo ninayogombana nayo kila mara. Asubuhi ile muziki unapigwa, helikopta inapita juu, begi ni zito kuliko siku zote kwa sababu chakula chote kimo, na mtu anaondoka kama anakimbia nusu marathoni ya mjini. Anapita watu mia, anafurahi. Masaa manne yanayofuata ndo yanaamua wiki yake, kwa sababu tumbo likishapata joto sana damu inalikimbia, anatapika, jioni hawezi kula kitu, usiku misuli haijajazwa, kesho anaamka na tanki tupu na jua ni lilelile. Tembea vilima vyote siku ya kwanza. VYOTE. Ukifika kambini vua viatu, kunywa, kula ndani ya saa moja hata kama huna hamu, lala miguu ikiwa juu ya begi.

Chakula watu wanahangaika kununua vile vya pakiti vya bei mbaya, mimi nasema korosho, karanga, kashata, tende, uji wa kukoroga tu. Korosho gramu 100 ina kama kilokalori 550, tende nusu yake hivi, na kanuni zinataka angalau 2,000 kwa siku. Weka na vitu vya chumvi na uchachu, embe kavu la pilipili, ukwaju, maana ikifika siku ya nne vitamu vyote vinakinaisha.

Miguu inavimba, chukua kiatu kikubwa kidogo kuliko chako. Zile soksi za nje za kuzuia mchanga usizigundishe kwa gundi peke yake, gundi inaachia kwenye joto. Nenda kwa fundi viatu, mwambie ashone velkro kuzunguka kiatu chote bila kuacha mwanya hata kwenye kisigino, kwa sababu mchanga ukipata kijitundu malengelenge yanafuata.

Na hizi dawa za maumivu, brufeni na diklofenaki, tunazomeza kama pipi, tafadhali ziacheni nyumbani. Mwili ukiwa umepungukiwa maji figo tayari zinapata damu kidogo, hizo dawa zinaibana zaidi, na misuli iliyovunjikavunjika inamwaga uchafu wake hukohuko. Ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, nenda kwa daktari wa mbio muda huohuo.

Mwaka 2021 mbio zilisogezwa hadi Oktoba, joto likapita nyuzi 50, magonjwa ya tumbo yakaingia kambini, karibu nusu ya walioanza hawakumaliza na mshiriki mmoja alifariki. Kwa hiyo mwenzio akianza kuyumba, anajibu maswali hovyo, au anataka kukaa juani na hataki kuinuka, usimwambie jikaze. Bonyeza kitufe cha dharura kwenye kifaa chake cha kuomba msaada, mvue begi, mtafutie kivuli hata cha kitambaa, mmwagie maji yako kichwani, shingoni na makwapani, umpepee kwa nguvu bila kuacha. Anza kumpoza palepale, usisubiri gari lifike. Kama kuna adhabu ya muda utaibeba.