Muuzaji akinyamaza, hela haijaliwa bado

Wengi huamini kwamba muuzaji wa mtandaoni akiacha kujibu, basi hela imeliwa. Sivyo. Kama ulilipa kwa kadi, anayeweza kukurudishia si muuzaji peke yake: benki iliyokupa kadi inaweza kuyapinga malipo na kuyadai kwa benki ya muuzaji. Kwa Visa na Mastercard, muda wa kawaida wa kupinga ni siku 120, mara nyingi zikihesabiwa tangu siku mzigo ulipotakiwa kufika. Ile "vumilia hadi wiki ijayo" inakula siku hizo hizo. Piga picha za skrini: oda, risiti, na ule ujumbe wako wenye tiki mbili usiojibiwa. Kisha ipigie benki. Aliyemtumia mtu pesa moja kwa moja, hapo kweli kazi ipo.